Hamali wangu mwenye kichwa cha kidaka

Sekunde 40. Ndiyo filamu yangu yote ya sanamu hiyo, na imenila miezi mitatu. Wanaocheka wacheke.

Ugonjwa wenyewe ni wa utotoni. Mjomba wangu baharia alituletea mkanda wa video wa katuni ya sanamu za udongo. Wenzangu wakacheka vituko, mimi macho yakanasa kwenye shavu la sanamu moja: lilikuwa na alama ya kidole! Kumbe kuna mtu pembeni asiyeonekana, asogeza mkono wa sanamu kidogo, apiga picha, asogeza tena. Sikupona.

Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, ila kila picha ukiirudia mara mbili jicho laridhika, kwa hivyo wapiga 12 tu. Kwangu zikawa 480. Ray Harryhausen, fundi mkubwa wa filamu za sanamu, alipowapiganisha watu na viunzi saba vya mifupa kwenye filamu ya 1963, dakika chache zilimchukua zaidi ya miezi minne, basi sikuona haya.

Nilitaka hamali wa maji na mkokoteni wake kwenye kichochoro cha Kibokoni, hapa Mombasa. Mpiga picha mmoja wa harusi akanishauri nitupe simu, ninunue kamera kubwa, la sivyo napoteza wakati. Ushauri gani huo? Kamera haikunisumbua hata siku moja. Kilichonisumbua ni joto la Mombasa.

Plastisini, ule udongo laini wa kufinyangia, niliinunua kama shilingi mia tano hivi. Nikamfinyanga hamali, misuli ya miguu imemtoka, kikoi kiunoni. Ilikuwa Februari, saa nane mchana, chumba cha juu chini ya mabati. Picha ya 30, akaanza kuinama. Nikajisifu: tazama anavyousikia mzigo! Picha ya 50, pua imefika kidevuni. Nikamkimbiza kwenye friji. Akatoka mgumu, sawa, lakini analoa jasho mwili mzima, ang'aa kama kapakwa samli. Mara ya tatu Mama akafungua friji kabla yangu: "Mwanangu, maiti wa nani huyu kalala juu ya changu wangu?"

Plastisini ina mafuta na nta ndani. William Harbutt aliyeibuni mwaka 1897 alikuwa mwalimu wa sanaa kule Bath, Uingereza, kwenye baridi yao. Angeishi Majengo angekaanga mahamri.

Dawa niliiokota chini ya mnazi wa jirani: kidaka, nazi changa kabisa. Ni chepesi, kina umbo la kichwa, na hakiyeyuki. Nikakipachika kwenye waya wa shaba, mwili nikaujaza sponji ya godoro, macho vichwa vya pini, ukivigusa kwa sindano atazama kando. Lakini kidaka hunyauka, hilo halikunijia. Mwisho wa filamu kichwa cha hamali ni kidogo kuliko mwanzo. Watu wasema nimeonyesha jinsi kazi inavyommaliza mtu. Siku hizi najibu ndiyo, nilikusudia.

Jua la dirishani usilitegemee, wingu moja tu limekuharibia. Nilipiga baada ya Isha, madirisha nimeziba, taa moja, kipimo cha mwanga kwenye kamera ya simu nimekifunga kisijibadilishe. Bado picha zikamemeteka. Nikabadilisha taa. Nikalaumu stima. Siku ya tatu ndipo nikajitazama: natoka msikitini moja kwa moja na kanzu yangu nyeupe, na kila nikijisogeza yammulika hamali usoni. Nikavaa fulana nyeusi, kwisha. Picha zaidi ya 100 zilikuwa zimeshatupwa.

Na simu usiiguse kwa kidole, itatikisika. Mimi nilipigia kwa kitufe cha sauti kwenye waya wa vipokea sauti vya masikioni.

Juzi nikamwonyesha hamali anayetuletea maji. Akaitazama mara mbili, kimya, kisha akauliza: "Madumu yote hayo, kaka, na jasho hata tone hana?"

Yule wa friji alikuwa nalo.