Mitungi miwili mgongoni: nilivyopata valvu zangu baada ya kukataa maneno ya watu

Naongoza wageni chini ya bahari huku Nungwi, na tangu niseme nataka mitungi pacha ya hewa ya kuzamia nimepewa ushauri mpaka masikio yakachoka. Mwingine ulikuwa wa kunipotezea pesa tu. Mmoja, wallahi, ungeniua mimi na aliyekuwa akinijazia hewa. Huo ndio ulionifanya niandike.

Haja yangu ilikuwa Pegasus, ile manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914 hapa hapa bandarini Unguja, ilipokuwa imetia nanga mashine zake zikitengenezwa. Imelala kiasi cha mita 40. Nikiwa juu natumia kama lita 20 za hewa kwa dakika, na kwa kina kile, kwa mgandamizo wa maji, ni mara tano, yaani lita 100. Mtungi mmoja wa alumini wa lita 11 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,200. Hizo ni dakika 22, na hapo hujaweka ya kupandia wala ya kumpa mwenzako akipatwa na shida. Nilishawahi kwenda na mtungi mmoja, nikaliona umbo la meli na kugeuka. Safari ile iliniuma.

Mitungi nilikuwa nayo miwili, alumini, ya Kimarekani, niliyonunua kwa mtu aliyefunga biashara. Mikanda ya kuifunga pamoja na bamba la chuma la mgongoni nilivipata pole pole. Bamba zito halikunisumbua, maana mitungi ya alumini ikikaribia kwisha huelea, na mzigo ule wa chuma unaituliza. Kazi ikabaki kichwani mwa mitungi: valvu mbili, yaani koki za kufungua na kufunga hewa, na bomba la kuziunganisha, ndiyo manifoldi.

Mmoja aliniambia nisinunue manifoldi kabisa, nibebe mitungi miwili kila mmoja na valvu yake. Wapo wanaofanya hivyo, lakini inabidi ubadilishe regyuleta, kile kifaa cha kuvutia hewa, mdomoni kila baada ya muda ili mitungi ishuke sawa, na regyuleta moja ikiharibika, hewa ya mtungi ule unaitazama tu. Mwingine akasema ninunue manifoldi ya zamani isiyo na koki ya kati ya kutenga mtungi na mtungi, ni rahisi. Ni rahisi kweli, lakini oringi, ile pete ya mpira ya shingo, ikipasuka, hewa ya mitungi yote miwili inatoka kwa mlango mmoja. Mimi nilitaka yenye koki ya kati. Regyuleta ikianza kumwaga, nafunga upande wake na bado navuta hewa ya mitungi yote kwa upande wa pili. Shingo ikivuja, nafunga ya kati na nusu inabaki yangu.

Wa tatu, huyu wa "chukua imara zaidi", alinisukumia valvu za DIN, zile ambazo regyuleta huingia ndani yake kwa skrubu, za bar 300. Mitungi yangu ni ya bar 207, hizo 300 za nini? Tena valvu ya 300 haipokei kile kipande cha katikati cha kugeuza DIN kuwa ya klampu, ile inayobana valvu kwa nje, na vituo vingi nilivyojaza huku kompresa zao zina klampu. Valvu za DIN za bar 232 zinakipokea: unakifunga kwa ufunguo wa pembe sita ukienda kujaza, unakitoa ukirudi kwenye regyuleta yako. Regyuleta ya DIN ya 300 inakaa vizuri ndani ya valvu ya 232, ila ya 232 haifiki chini ndani ya valvu ya 300. Hilo hakuna aliyeniambia.

Sasa nije kwenye lile jambo lenyewe. Binamu yangu aliyeko Muscat alinipatia seti iliyotumika, valvu mbili na manifoldi, safi inang'aa, kwa bei iliyonipa furaha mwezi mzima, kama dola mia na kitu. Ikafika. Nikampelekea fundi ninayemheshimu, mtu mzima, mikono yake imetengeneza mashine za boti nusu ya pwani hii. Akaanza kuingiza valvu ya kwanza. Ikaingia. Mizunguko miwili, laini kabisa, halafu ikaanza kukaza. Nikaishika nikaitikisa, ikacheza shingoni kama jino bovu. Nikamwambia, "Mzee, hii inacheza." Akanijibu, "Mwanangu, koki ni koki. Tutazungushia utepe mweupe wa mabomba, itashika."

Nilikaa kimya kidogo, maana kumkatalia mzee si kitu chepesi. Kisha nikachukua tochi na kitambaa nikasugua chini ya valvu. Imegongwa M25x2, yaani ya milimita 25. Begani mwa mtungi, chini ya rangi, chapa za Kimarekani, na shingo ya namna ile ni inchi robo tatu, thredi (mistari ya skrubu) 14 kwa inchi. Valvu ya milimita 25 ni nyembamba kwa shingo ile, na thredi zake zina nafasi nyingine. Inashika kwa ncha tu. Ukiijaza hewa, inaweza kungoja hadi bar 100, hadi 150, halafu ikatoka kama risasi, na mbele yake pana uso wa mtu. Watu wamekufa hivyo. Nilimwonyesha mzee zile chapa mbili, akazisoma, akaitoa valvu kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia nimefanya vizuri. Namheshimu zaidi tangu siku ile.

Nikaanza upya kuweka akiba. Seti ya pili niliagiza mpya, nikaandika kwa herufi kubwa: robo tatu NPSM, ndilo jina la thredi ile ya Kimarekani. Ilinila kama laki saba hivi pamoja na usafirishaji.

Kufunga ndiko ninakojivunia. Bomba la manifoldi yangu lina thredi zinazopingana huku na huku, ukilizungusha linavuta valvu zote mbili pamoja. Upande mmoja ukitangulia mzunguko mmoja, hazishiki sawa. Nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nikapiga mstari mmoja mwekundu juu ya bomba na nukta kwenye kila valvu, nikawa nahesabu kila mstari unapopita. Mitungi nililaza kwenye sakafu ya saruji, mikanda ikiwa legevu, nikazungusha bomba hadi shingo kwa shingo ikawa sentimita 21 na nusu na mikanda ikafunga yenyewe bila kulazimishwa. Ukiwahi kukaza mikanda kabla, manifoldi ndiyo inayobeba uzito wa mitungi, na itavuja tu.

Nikajaza bar 50, nikazamisha vyote kwenye pipa. Hakuna hata povu moja. Nikapandisha hadi 200.

Vishikio vya kuzungushia koki nilichagua vya mpira. Cha kushoto kinataka uangalifu: ukipita chini ya kitu kikakigusa huku unakwenda mbele, hujifunga. Koki ya kati nayo naikagua kwa mkono kila ninapojaza, maana ikiwa imefungwa, geji ya kupimia hewa iko kushoto na unavuta hewa ya kulia, utaona bar 200 mpaka hewa inakatika.

Wiki sita nilifanya mazoezi ya kufikia koki zote tatu kwenye mita sita. Kisha, maji mafu ya Februari, kaskazi imetulia, tukashuka na mwenzangu. Nilikaa dakika 20 kamili pembeni mwa Pegasus, nikaizunguka kwa nje, nikapanda taratibu, nikafika kwenye mashua na bar 80 mitungi yote.

Ile seti ya Muscat iko kabatini. Kijana mmoja amekuja mara tatu kuitaka, mitungi yake ni kama yangu. Mara zote tatu nimempa tochi akasome.