Skafu imekamilika leo!

Nimefunga kitanzi cha mwisho asubuhi hii, chai ikiwa bado ya moto pembeni. Miezi 3. Vitanzi 40 kila mstari.

Mistari mingi niliifuma safarini. Kwenye basi, kwenye treni, hata nikiwa kwenye foleni. Uzi na sindano 2 havijazi begi.

Basi nikaitandika mezani karibu na dirisha ili niipige picha. Kwanza nilitumia flashi ya simu, ikatoka bapa kama karatasi. Nikaizima, nikaacha mwanga wa dirishani uingie kwa ubavu. Hapo kila kitanzi kikapata kivuli chake kidogo.

Na ndipo nikaona kitu ambacho siku zote kilinipita.

Kuna sehemu, upana wa kiganja hivi, vitanzi vyake vimebana kuliko vingine vyote. Nikakumbuka. Ni ile safari ya usiku ya kwenda kumwona mama alipolazwa. Vidole vilikuwa vikikaza uzi bila mimi kujua.

Halafu mistari inalegea, taratibu... ni siku ninarudi, nimemwacha anakula mwenyewe.

Nimepitisha kidole pale mara nyingi sana leo. Mwingine angefumua aanze upya. Mimi siigusi.

(Mama ameshaiomba. Ni yake.)

Ninyi je, mna kitu mlichokitengeneza kwa mikono chenye safari ndani yake? Niwekeeni picha hapa chini, nataka kuziona zote. Na flashi zimeni kwanza ❤️