Filamu yangu ya pili niliianza kwa masikio

"Anasema nini?"

Swali hilo liliulizwa na mwanafunzi mwenzangu aliyekaa viti vya nyuma, filamu yangu ya kwanza ikiwa kwenye dakika ya pili. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kufuata hadithi, ila hasikii. Mimi niliyaandika yale mazungumzo, nilikuwa nayajua kwa moyo, kwa hiyo masikio yangu yalijaza yenyewe pale palipokosekana. Wenzangu ukumbini walisikia upepo, na ndani ya upepo binti analia kwa jambo lisilojulikana.

Fedha karibu zote nilikuwa nimezimalizia kwenye kukodi lenzi. Picha zilitoka nzuri kweli. Sauti niliiachia maikrofoni ya ndani ya kamera, mita tatu kutoka kwa mwigizaji. Nilikuja kuelewa baadaye: ukiongeza umbali mara mbili, sauti ya msemaji inayofika kwenye maiki hushuka kwa takribani desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini kelele za mazingira hazishuki. Mtu anayesikika vizuri kwa nusu mita, ukimsogeza mpaka mita tatu anamezwa na upepo, magari na mwangwi, na ukiongeza sauti wakati wa kuhariri unaviongeza vyote pamoja. Nilihangaika wiki nzima kumtoa yule binti ndani ya upepo. Hakutoka.

Mtazamaji huvumilia mengi. Picha yenye giza kidogo atadhani umekusudia, kamera ikitikisika ataizoea. Asiposikia maneno anakuacha, na hana kosa.

Kwa hiyo filamu ya pili nilianza kutafuta eneo kabla sijamaliza muswada. Kila chumba nilichoruhusiwa kuingia nilifunga mlango, nikafumba macho, nikakaa dakika tano bila kufanya lolote. Dakika ya kwanza unadhani pako kimya. Ya tatu unaanza kusikia feni ya jirani, bomba, taa inayovuma juu ya kichwa. Chumba kilichonivutia kuliko vyote kilikuwa na dirisha kubwa na mwanga laini wa asubuhi, lakini kuta zilikuwa tupu na sakafu ya vigae; nilipiga kofi moja nikalisikia likirudi. Kingine kilikuwa kidogo, hakina sura, kimejaa: kitanda, zulia, mapazia mazito, kabati la nguo. Nikapiga kofi, likafia pale pale.

Nikakichukua hicho, na muswada nikauandika upya uingie humo. Mama na mwanawe wanapanga vitu vya marehemu kwenye masanduku, na kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake hajui. Kurasa nane, yaani kama dakika nane, maana ukurasa mmoja wa muswada uliopangwa vizuri hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Hadithi yenyewe ilinufaika. Nilipokosa pa kukimbilia, nilibaki na watu wawili na maneno yao.

Mazoezi tulifanya wiki tatu, jioni, bila kamera. Wazo hilo nililipata kwa mwongozaji Christopher Nolan: filamu yake ndefu ya kwanza, Following, iliyotoka mwaka 1998, aliirekodi siku za mapumziko kwa sababu washiriki walikuwa na kazi zao, na waigizaji walifanya mazoezi kama wa jukwaani ili kila shoti ipatikane kwa mara moja au mbili, kwani mkanda ulikuwa ghali. Sisi hatutumii mkanda, lakini kuna vingine vinavyoisha: mwanga wa jua, na nguvu za watu waliokuja kukusaidia bila malipo. Hizo zinastahili kubaniwa zaidi ya mkanda wowote.

Siku ya kwanza nilifika mapema nikazima friji, kwa sababu mngurumo wake ulipenya ukutani. Funguo zangu nikaziweka ndani ya friji hilo hilo, nisiweze kuondoka jioni bila kuliwasha. Ujanja huo ni wa mafundi sauti wa miaka mingi, nami nawashukuru.

Maiki tuliifunga kwenye fimbo ndefu, rafiki yangu akaishika juu ya vichwa, nje kidogo ya fremu, ikielekezwa kifuani mwa anayesema. Simu moja ikaingia mfukoni mwa shati la kijana, ikirekodi kama akiba. Mwanzo wa kila shoti nilipiga kofi mbele ya kamera. Mlio huo ndio uliotusaidia kuoanisha sauti na picha mezani, wakati wa kuhariri. Tulirekodi fremu 25 kwa sekunde na sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde, na vilele vya sauti tukavizuia visipite desibeli hasi 12, yaani desibeli 12 chini ya kikomo cha kinasa sauti, ili mtu akipaza sauti ghafla isikwaruze. Yote haya ni bure kama hakuna aliyevaa hedifoni. Mtu mmoja avae, na apewe mamlaka ya kusimamisha kazi.

Kwetu alisimamisha kwenye shoti ya tatu. Mama aliyeigiza, mtu mzima tuliyemheshimu wote, alikuwa na bangili mbili, na kila alipokunja nguo ziligongana juu ya neno muhimu kuliko yote. Niliona aibu kumwambia. "Samahani mama, hizo bangili..." Akazivua kabla sijamaliza. "Sema tu, mwanangu. Tuko kazini."

Kabla ya kufungasha niliomba dakika moja ya chumba kitupu. Watu sita tumesimama tulivyo, hakuna anayehama, tunarekodi ukimya wa mahali pale. Usiuruke huo ukimya hata kama watu wamechoka. Kila chumba kina wake, na ukikata sentensi mezani bila kitu cha kujaza pengo, mtazamaji husikia shimo.

Mafaili nilinakili sehemu tatu usiku huo huo kabla ya kulala.

Kuhariri kulichukua muda kuliko nilivyopanga. Toleo la kwanza lilikuwa dakika 14. Nilizima kioo nikalisikiliza kama redio, na kila nilipochoka kusikiliza niliandika muda. Karibu mapungufu yote yalikuwa pale; nikayakata, likabaki dakika 9. Sentensi moja ilikuwa imeharibiwa na ndege iliyopita juu. Kijana aliirudia ameingiza kichwa kwenye kabati la nguo, na hakuna aliyewahi kuitambua.

Tulipoionyesha nilikaa nyuma kabisa, mahali alipokaa yule mwenzangu. Mama anaposema ile sentensi akiwa na shati la marehemu mkononi, anaisema kwa kunong'ona. Ilifika mpaka pale nilipokaa, kila silabi.

Sasa naandika ya tatu. Kuna tukio nililoliweka kituo cha basi, juzi nikasimama hapo dakika tano nimefumba macho, nikarudi nyumbani nikalihamishia ndani ya gari lililoegeshwa, vioo vimepandishwa.