Nilivyopanga safari ya Svalbard nikiwa Kisumu

Svalbard yenyewe haimdai mgeni viza. Visiwa hivyo vya Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, viko chini ya Norwe kwa Mkataba wa Svalbard wa 1920, lakini vimebaki nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na hapo ndipo Mkenya hujikwaa. Ndege za abiria za kwenda Longyearbyen, mji mkuu wa huko, hutoka Oslo na Tromsø, na miji yote miwili iko ndani ya Schengen. Ukipanda ndege Oslo kwenda Svalbard umeshatoka Schengen. Ukirudi, unaingia upya. Viza ya kuingia mara moja itakufikisha, kisha itakuwa imekwisha kazi ungali huko.

Kwa hiyo hilo nililishughulikia kabla ya kuuliza bei ya tikiti. Kwenye fomu, pale panapoulizwa utaingia mara ngapi, nilichagua mara nyingi. Kwenye barua ya maelezo nikaandika njia yote waziwazi: naingia Oslo, natoka kwenda Svalbard, naingia tena Oslo, narudi Kenya. Pasipoti ikirudi, soma stika siku hiyohiyo. Ikiandikwa 01, yaani kuingia mara moja, omba irekebishwe bila kuchelewa. 02 inatosha. MULT, yaani mara nyingi, ndiyo bora.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila sheria inaruhusu hadi 45, na ada ya mtu mzima ni yuro 90 ambazo hazirudi hata ukinyimwa. Kwa safari ya mwisho wa Julai, Machi ndio mwezi wa kushika nafasi ya miadi, kwa sababu wanaosafiri Ulaya majira yao ya joto hujazana Mei na Juni. Alama za vidole hutolewa Nairobi, ana kwa ana, basi ipange safari hiyo pia.

Kinachoangaliwa sana ni kama una sababu ya kurudi nyumbani. Mwenye duka soko la Jubilee hapa Kisumu apeleke kibali cha biashara cha kaunti, karatasi za kodi za KRA na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Taarifa ya M-Pesa niliiambatisha kama nyongeza, si badala ya ile ya benki. Pesa nyingi zikiingia ghafla wiki chache kabla ya maombi huleta maswali. Ikiwa ni zamu yako ya kupokea pesa za chama cha kuchangiana, weka barua ya chama yenye sahihi za mwenyekiti na mweka hazina.

Malazi Longyearbyen ni machache na hujaa mapema. Nilitafuta yale yanayokubali kufuta bila kukatwa pesa, nikalipa kikamilifu baada ya viza tu. Kati ya Nairobi na Oslo utabadilisha ndege mahali fulani. Niliiacha njia ya London kwa sababu ya masharti yao ya viza. Tikiti ya Oslo hadi Longyearbyen ukiinunua peke yake, ndege ya kwanza ikichelewa hakuna anayewajibika kukupa nyingine, kwa hiyo niliweka usiku mmoja Oslo wakati wa kwenda na mmoja wakati wa kurudi. Ukungu wa kiangazi cha huko hughairisha ndege.

Sasa nguo, na hapa Kisumu ina bahati. Wastani wa joto Longyearbyen mwezi wa Julai ni kama nyuzi 7, lakini juu ya boti kwenye upepo wa bahari mwili huhisi baridi kali zaidi. Soko la Kibuye Jumapili lina makoti ya barafu ambayo hapa hayana mnunuzi, na bei huwa nafuu ukijua unachotafuta.

Koti la juu ni la kuzuia maji na upepo, si la joto. Ligeuze ndani nje: utando mweupe au wa kijivu ukibanduka kama ngozi iliyoungua jua, liache. Kagua utepe uliobandikwa juu ya mishono, hasa mabegani na kwenye kofia. Kisha lirudishe upande wake wa nje, mwaga maji kidogo begani, ngoja dakika kadhaa, gusa ndani. Maji yakilowesha kitambaa cha nje tu, kuna dawa ya kupulizia inayorudisha hali hiyo. Yakipenya hadi ndani, hakuna dawa.

Nguo za kugusa mwili ziwe za sufu, seti mbili, juu na chini. Pamba haifai kabisa: ikilowa jasho hukaa na maji na kukunyang'anya joto. Lebo za mitumba mara nyingi zimekatwa, kwa hiyo omba uzi mmoja wa pindoni uuwashe. Sufu hunuka nywele zilizoungua na hubaki jivu linalosagika; nyuzi za plastiki huyeyuka na kuwa kitone kigumu. Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, maana maji moto huisinyaza hadi imtoshe mtoto. Katikati vaa sweta nene. Gambuti zizidi mguu kwa saizi moja ili soksi mbili ziingie, kwani boti ndogo hukushusha majini karibu na ufuo. Kujaribu mavazi yote pamoja, alfajiri ya Julai kule Molo, kwenye baridi ya nyanda za juu, inafaa, hasa ikinyesha.

Usipange kutembea peke yako nje ya mji. Dubu weupe wanaweza kutokea popote, na mwaka 2020 mmoja aliua mtu kwenye kambi ya mahema karibu na uwanja wa ndege wa Longyearbyen. Wanaotoka nje ya makazi hubeba bunduki na vya kumfukuzia dubu, ndiyo maana bajeti kubwa niliielekeza kwa ziara zenye kiongozi. Tangu Januari 2025 ni lazima kukaa mita 300 mbali na dubu, na mita 500 kuanzia Machi 1 hadi Juni 30. Kampuni inayokuahidi kumkaribia zaidi ya hapo iache. Jua halizami tangu karibu Aprili 20 hadi karibu Agosti 22, basi beba kitambaa cha kufunika macho.

Mtu wa Ziwa Viktoria ana jambo moja ambalo maelezo ya Wazungu hayaligusi. Malaria inaweza kuibuka wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu, na daktari wa Aktiki akiona homa atafikiria mafua kwanza. Nenda na dozi kamili ya AL, dawa ya malaria, vidonge 24 kwa mtu mzima, pamoja na karatasi ya daktari, na ukipata homa sema mara moja kwamba unatoka eneo la malaria, upimwe damu. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo. Wagonjwa mahututi hupelekwa Tromsø kwa ndege. Bima ya viza hutakiwa iwe angalau yuro 30,000, ila hakikisha imeitaja Svalbard kwa jina na inalipia kusafirishwa kwa mgonjwa, kwa sababu bima ya Schengen pekee inaweza kuishia pale Schengen inapoishia.