Siku moja ya masika: Tanga, Muheza hadi Amani

Saa 10:30 alfajiri. Mawingu yametanda, mvua bado. Kazi ya kwanza ni tairi, kwa tochi. Njiti ya kiberiti ina unene wa kama milimita 2. Ilaze ndani ya mfereji wa tairi, na ikichomoza juu, gari letu la abiria halitoki. Kwenye maji tunataka kina cha milimita 3 na zaidi. Upepo unapimwa tairi likiwa baridi. Wapo wanaoupunguza eti tairi lishike lami. Wanakosea: tairi laini hupanda juu ya maji mapema zaidi. Raba ya wipa ikiacha michirizi, inabadilishwa hapo hapo.

Saa 12:00. Tunatoka stendi ya Kange, Tanga.

Saa 12:20. Pongwe, matone ya kwanza. Hapa ndipo tunapopunguza mwendo, kabla ya mvua kubwa. Vumbi na oili vilivyolala juu ya lami vinachanganyika na maji kidogo, barabara inateleza kama sabuni. Trekta zikitoka mashamba ya katani huongeza tope jekundu. Kati yetu na gari la mbele tunaacha nafasi ya sekunde 4. Ukiwa na kilomita 60 kwa saa, hizo ni mita 67 hivi.

Saa 12:40. Mvua imekuwa kubwa. Maji yametuama kwenye mabonde yaliyochimbwa na matairi ya malori. Mifereji ya tairi ikishindwa kuyakamua, gari linaelea. Utajua: usukani unakuwa mwepesi ghafla, injini inapandisha mlio. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani sawasawa, breki usiguse. Ukibana breki, magurudumu yanafunga, na yakigusa lami tena gari linageuka ubavu. Abiria akisema, "Dereva, tumechelewa," mwendo haubadiliki.

Saa 2:00. Tumeiacha Muheza, tunapanda milimani kuelekea Amani. Udongo mwekundu ukilowa unanata kwenye tairi mpaka mifereji inazibika. Gia inachaguliwa chini ya mlima, kwa kawaida ya pili, na haibadilishwi katikati. Ukikanyaga klachi gari linapoteza nguvu na kurudi nyuma. Usikumbatie ukingo wa bondeni, maji huula kutoka chini huku juu ukionekana mzima.

Saa 5:00. Kijito kimepanda juu ya barabara. Desturi ya kumshusha konda akapime kwa fimbo naipinga kabisa, ikiwa maji yanakwenda. Sentimita 15 za maji ya kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na 30 zinaweza kulielesha gari dogo. Tunasubiri. Gari likizimika ndani ya maji, usiliwashe tena: yakishaingia kupitia eya klina hadi kwenye silinda, maji hayabanwi, na konrodi, mkono wa chuma unaosukuma pistoni, inapinda.

Saa 9:00 alasiri. Kushuka, kwa gia ile ile ya kupandia. Kila tukitoka majini tunagusa breki kidogo kidogo mara kadhaa ili pedi zikauke.

Saa 1:00 usiku. Giza, mvua, kioo kinaingia ukungu. Kiyoyozi kinaelekezwa kwenye kioo cha mbele. Taa za chini tu, kwani za juu zinarudishwa na matone machoni mwako. Hazadi, yaani indiketa zote kumweka pamoja, haziwashwi gari likitembea, zinaficha indiketa ya kukata kona.

Saa 2:30 usiku. Tope linaoshwa kwenye magurudumu yote manne, na tochi inarudi kwenye tairi.