Popo wa Venice Boulevard

Mwaka 1995 nilikuwa na miaka tisa, na Ramadhani ile tulilala nje. Mtaa mzima, Ng'ambo yote kule mjini Unguja, watu walitandika mikeka uwanjani, moto umekokwa katikati, wazee wakipiga soga mpaka daku. Sababu ilikuwa popobawa, jini mwenye mabawa ya popo, aliyesemekana kuingia nyumbani hata mlango ukiwa na makomeo matatu. Baba, mwalimu wa fizikia, alisema huo ni upuuzi mtupu. Kisha akabeba mto wake akaja kulala nje na sisi.

Nilimkumbuka sana marehemu Baba siku nilipoingia Museum of Jurassic Technology, kule Culver City, pembeni mwa Los Angeles. Ni jumba la makumbusho lililoanzishwa mwaka 1988 na David Wilson na mkewe Diana, kwenye barabara ya Venice Boulevard, na ukiwa na haraka unalipita bila kulitambua. (Julai 2025 moto uliteketeza duka lao la zawadi na moshi ukaenea ndani. Niliposikia, roho iliniuma, ndiyo maana naandika.) Nilikwenda na mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka kumi na sita ambaye haamini kitu mpaka simu yake ithibitishe.

Ndani ni giza. Vijumba vidogo, taa hafifu, kila kitu kwenye kabati la kioo, na sauti za kwenye mkanda zinasoma maelezo kwa utulivu wa profesa. Tukaanzia kwa mdudu chungu wa Kamerun. Anavuta chembe ya kuvu, kuvu inamwingia kichwani, inamlazimisha apande juu ya mmea, ang'ate shina kwa nguvu zote, afe hapo hapo. Baadaye pembe inamchomoza kichwani.

"Shangazi, uongo huu," kijana akasema, simu mkononi. Akatafuta. Akanyamaza. Kuvu wa aina hiyo wapo, hutawala mwenendo wa chungu na kumchomoza pembe vivyo hivyo. Jumba limetia chumvi kidogo tu, na hapo ndipo penye ujanja wake.

Hatua chache mbele, popo. Maelezo yanasema kuna popo wa Amerika Kusini anayepenya kuta kwa miale ya eksirei, na kwamba mtafiti Donald Griffith alijenga kuta za risasi, yale madini mazito, mpaka mmoja akanasa katikati. Bonge la risasi lipo, limewekwa mbele yako. Sasa, mwanasayansi halisi aliyeonyesha kwamba popo hujiongoza gizani kwa mwangwi wa sauti yake ni Donald Griffin. Wamempindua ncha ya jina tu. Kijana alicheka sana alipogundua. Mimi sikucheka kama yeye. Nilisimama pale nikitazama lile bonge, na nywele za mkono zikanisimama, mtu mzima mwenye kazi na leseni ya udereva.

Lakini kilichonikalisha zaidi ya nusu saa ni sindano za Hagop Sandaldjian. Huyu alikuwa mpiga fidla wa Kiarmenia aliyehamia Los Angeles mwaka 1980. Unainama kwenye kioo cha kukuzia, unaona tundu la sindano ya kawaida, na ndani ya tundu amesimama Napoleon. Ana kofia, ana miguu, ana ule msimamo wake. Inaelezwa kwamba Sandaldjian alifanya kazi kati ya pigo moja la moyo na jingine, kwa sababu pigo lenyewe linatosha kuutikisa mkono.

Kijana akaamua bila hata kutafuta: hii ndiyo ya uongo. Mimi nikasadiki papo hapo. Bibi yangu alikuwa akishona kofia za viua, na kila alipopitisha uzi kwenye tundu la sindano alizuia pumzi, nasi watoto tuliokaa mkekani tukazuia pamoja naye bila kuambiwa. Na kweli, mtu huyo aliishi, na sanamu ni zake, za mkono.

Juu kuna chumba cha chai ya Kirusi. Wanakupa chai na biskuti bure, na ukitoka uani utakuta njiwa. Njiani mna picha za rangi za mbwa wa anga wa Kisovieti: Laika, aliyerushwa mwaka 1957 asirudi, na Belka na Strelka, waliorudi hai mwaka 1960.

"Na hawa je?" kijana akauliza. Safari hii hakutoa simu.

"Hawa kweli, baba."

Akamtazama Laika muda mrefu, chai ikampoa.

Usiku nikampigia Mama Unguja, kwao ilikuwa asubuhi. Nikamsimulia yote, nikafika kwa popo anayepita ukutani, jinsi alivyokutwa kwenye risasi.

"Wamempiga risasi?"

"Hapana, Mama. Amenasa ndani ya risasi. Madini."

Kimya. Nikasikia kuku wa jirani.

"Kafa?"

"Kafa, Mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akaniuliza kama nimekula.