Chokaa ya maganda ya mayai: kipimo cha 3/27 kimepita

Imekubali! Mililita 3 za biodizeli (dizeli niliyotengeneza kwa mafuta ya kupikia yaliyotumika) ndani ya mililita 27 za methanoli, pombe ya viwandani, nikatikisa, nikaacha itulie: hakuna tone la mafuta lililozama chini, yaani mafuta yamegeuka. Wanaotumia kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, watauliza ajabu iko wapi. Mimi nilitaka kichocheo (kinachoharakisha mafuta kugeuka) kilicho kigumu, ndiyo hii chokaa, unachokichuja na kukirudisha kazini, usishinde ukiosha sabuni inayoachwa na kostiki.

Ukiacha methanoli, malighafi zote zatoka kibanda kimoja cha chipsi mayai: mafuta yaliyochoka, na maganda. Tanuri halikunisumbua. Ganda ni kalsiamu kaboneti karibu lote. Likifika nyuzi 900 hewa ya ukaa inatoka, inabaki chokaa hai. Mizani ndiyo shahidi: gramu 100 zishuke hadi hamsini na kitu. Zikibaki 70, halijaiva, rudisha motoni. Na vile vipimajoto vya bastola achaneni navyo, vingi vya bei nafuu vinaishia chini ya nyuzi 600. Nunua themokapo ya aina ya K, kipimajoto cha waya kinachohimili joto kali.

Kilichonitesa ni kilichofuata. Unga mweupe, laini, unaingia kwenye mafuta unalala tu. Masaa matatu kwenye nyuzi 60, gliserini, zao la pembeni linaloonyesha kuwa mafuta yanageuka, hakuna! Nikapima asidi ya mafuta, maana ikizidi huharibu kazi: iko chini. Nikabadilisha methanoli, vilevile. Kumbe adui ni hewa yetu ya Tanga. Chokaa hai inafyonza unyevu na hewa ya ukaa kwa pupa. Ikipoa kwenye sahani, uso wake umeshazimika kabla hujaipima. Niliacha kijiko kimoja wazi usiku kucha, asubuhi kimeongezeka uzito. Ndiyo maana hata chokaa ya mafundi ujenzi haifai, hiyo imeshazimwa kwa maji.

Sasa unga unatoka tanurini moja kwa moja hadi kwenye kopo la chuma lenye kifuniko cha kubana, unapoa humo humo. Usiharakishe hapa, mvuke wa methanoli ni sumu na unadaka moto upesi. Ukishapoa, unakorogwa kwanza na methanoli peke yake, mafuta yanafuata baadaye. Safari hii gliserini nzito ya kahawia ilishuka chini, na mpaka wake na biodizeli umekatika kama uzi. Nimeipiga picha kila upande.

Nilipanga nipime unga huu unarudiwa mara ngapi, maana kila mzunguko kalsiamu kidogo inayeyuka na kupotea. Itasubiri. Majivu ya maganda ya ndizi yana potasiamu tele, nataka niyachanganye na chokaa hii nichome upya. Mwenye kujua jinsi ya kuizuia potasiamu isiyeyukie kwenye methanoli, anieleze.